Tangazo la dawa likimfikia mgonjwa kabla ya daktari

Kati ya Mei 2003 na Mei 2004, wanawake waliofundishwa kuigiza wagonjwa waliingia katika vyumba vya madaktari 152 kwenye miji mitatu ya Marekani: Sacramento, San Francisco na Rochester. Madaktari walikuwa wamekubali kushiriki katika utafiti, ila hawakujua mwigizaji angekuja lini wala angekuwa nani. Baadhi ya waigizaji walieleza dalili za sonona kali. Wengine walieleza huzuni na uchovu unaomkuta mtu baada ya maisha kumyumbisha, hali ambayo mara nyingi hupita kwa muda na kwa kupata mtu wa kuzungumza naye. Kisha, vyovyote zilivyokuwa dalili walizoigiza, waligawanyika katika makundi matatu. Wa kundi la kwanza wakamwambia daktari kwamba wameona tangazo la Paxil, dawa ya sonona, kwenye televisheni, wakauliza kama dawa hiyo ingewafaa. Wa kundi la pili wakasema wametazama kipindi cha televisheni kuhusu sonona, wakauliza kama kuna dawa yoyote ya kuwasaidia. Wa tatu hawakuomba dawa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na kila upande wa mjadala unaweza kuchota humo takwimu inayoufaa. Miongoni mwa walioigiza sonona kali, waliokaa kimya waliandikiwa dawa ya sonona kwa asilimia 31, waliotaja Paxil kwa asilimia 53, na waliouliza bila kutaja jina kwa asilimia 76. Watafiti wakapima pia kama mgonjwa alipata angalau huduma ya awali inayokubalika, yaani dawa, rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, au miadi ya kurudi ndani ya wiki mbili. Waliouliza kwa ujumla waliipata kwa asilimia 98, waliotaja jina la dawa kwa asilimia 90, na waliokaa kimya kwa asilimia 56 tu. Kwa hiyo katika kila wagonjwa 100 wa sonona kali wasiosema kitu, 44 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Ugonjwa huu unaua watu. Mtu anayeamini kwamba kimya cha mgonjwa ni salama na asome tena takwimu hiyo.

Njoo sasa kwa wale wenye huzuni ya kupita. Waliokaa kimya waliandikiwa dawa kwa asilimia 10. Waliouliza kwa ujumla, asilimia 39. Waliotaja Paxil, asilimia 55. Weka hiyo 55 kando ya ile 53 ya wenye sonona kali waliotaja Paxil, utaona jambo lililonifanya nianze na utafiti huu. Jina la dawa lilipotajwa, anayeihitaji na asiyeihitaji waliandikiwa karibu sawasawa. Swali la jumla lilimsaidia daktari kuwatofautisha. Jina la kibiashara lilifuta tofauti hiyo.

Mjadala wa kutangaza dawa za cheti, yaani zile zinazohitaji kuandikwa na daktari, kwa wagonjwa mara nyingi huendeshwa kwa imani. Mmoja anasema mgonjwa ana haki ya kujua, mwingine anasema kampuni inatafuta faida. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalolijibu jingine. Vyumba vile 152 vinatupa kitu cha kupima: kuna manufaa katika kumwamsha mgonjwa aulize, na kuna hasara katika kumpa jina la kuuliza.

Miongoni mwa nchi tajiri, ni mbili tu zinazoruhusu kampuni kutangaza dawa za cheti moja kwa moja kwa umma, nazo ni Marekani na New Zealand. New Zealand ilifika hapo kwa sababu Sheria yake ya Dawa ya mwaka 1981 haikukataza. Lakini huko shirika la umma la Pharmac ndilo linaloamua ni dawa zipi zilipiwe kwa fedha za serikali, hivyo tangazo lina nafasi ndogo ya kubadili anachopewa mgonjwa wa kawaida. Marekani haina mnunuzi mkuu wa namna hiyo, na mzigo wote wa mjadala uko kule.

Hata Marekani mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Kwa miongo mingi kampuni zilitangaza dawa za cheti kwa madaktari tu. Mwaka 1981 Merck ilitangaza chanjo yake ya nimonia, Pneumovax, katika jarida la Reader's Digest. Mwaka 1983 likaja tangazo la televisheni la Rufen, dawa ya maumivu ya kampuni ya Boots. Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, ikaomba kampuni zisimame kwanza, kisha mwaka 1985 ikaondoa zuio hilo kwa sharti kwamba kila tangazo linalotaja dawa na kazi yake liambatane na muhtasari wa hatari zake. Gazetini muhtasari huo ulijaza ukurasa mzima wa maandishi madogo. Kwenye televisheni haukuwezekana. Ndipo Agosti 1997 FDA ikatoa mwongozo mpya: tangazo litaje kwa sauti hatari kubwa tu, halafu limwelekeze mtazamaji kwenye namba ya simu ya bure, tovuti, gazeti au kwa daktari apate mengine. Mlango ukafunguka. Mwaka 1997 kampuni zilitumia takriban dola bilioni 1.3 kutangaza dawa za cheti kwa umma. Mwaka 2016 zilikuwa bilioni 6, kwa matangazo milioni 4.6, na kati yake 663,000 yalikuwa ya televisheni.

Wanaotetea matangazo haya wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaoyaogopa. Kuna magonjwa yanayojificha. Homa ya ini aina ya C inaweza kukaa mwilini miongo kadhaa bila dalili, huku ini likiharibika polepole. Mwaka 2012 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilishauri kila aliyezaliwa kati ya 1945 na 1965 apimwe mara moja, kwa kuwa watu wa rika hilo ndio waliokuwa wengi miongoni mwa wenye virusi hivyo, na wengi wao hawakujua. Oktoba 2014 ikasajiliwa Harvoni, kidonge kimoja kwa siku, ambacho kwa kawaida huponya ndani ya wiki 12. Mtu aliyebeba virusi tangu ujana wake bila kujua hawezi kumuuliza daktari juu ya tiba ambayo hajui kama ipo. Tangazo katikati ya taarifa ya habari linaweza kumfikia, na ushauri wa CDC ukabaki kwenye tovuti.

Kuna pia magonjwa ya aibu. Viagra ilisajiliwa Machi 1998, na muda mfupi baadaye Bob Dole, mgombea urais wa mwaka 1996 ambaye alikuwa ametibiwa saratani ya tezi dume, akatokea katika tangazo la Pfizer. Alizungumzia upungufu wa nguvu za kiume kama tatizo la kiafya, akawahimiza wanaume wakamwone daktari. Mzee wa heshima, mwanajeshi aliyejeruhiwa vitani, akisema jambo hilo mbele ya taifa: sijui mkutano gani wa wataalamu ungeweza kufanya kazi ile. Na tatizo hilo likija mapema, wakati mwingine huwa ni dalili ya kisukari au ya mishipa ya moyo kuziba. Mwanaume anayekwenda hospitali kwa ajili ya nguvu zake anaweza kurudi akiwa amegunduliwa presha ambayo ingempeleka kaburini.

Madaktari wenyewe hawana kauli moja. FDA ilipowahoji madaktari 500 mwaka 2002, asilimia 73 walisema mgonjwa wao aliuliza maswali ya maana kwa sababu ya kuona tangazo. Katika mahojiano hayohayo asilimia 65 walisema matangazo huwachanganya wagonjwa kuhusu uwiano wa faida na hatari za dawa. Mwaka 2015 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitaka yapigwe marufuku kabisa.

Tuje kwa Vioxx, kwa sababu hakuna mfano unaoonyesha hatari hii kwa uwazi zaidi.

Dawa za kawaida za maumivu ya viungo, kama ibuprofeni na naproxen, zinaweza kuchubua tumbo hadi mtu akatokwa damu ndani kwa ndani. Vioxx ya Merck, iliyosajiliwa Marekani Mei 1999, iliundwa kupunguza balaa hilo. Katika kutuliza maumivu haikuzishinda zile za zamani. Faida yake ilikuwa tumboni, na waliohitaji faida hiyo hasa ni watu walio katika hatari ya kutokwa damu: wazee, waliowahi kuugua vidonda vya tumbo. Wengine wangetosheka na vidonge vya bei ndogo. Lakini tangazo la televisheni halichagui mtazamaji mwenye vidonda vya tumbo. Mwaka 2000 Merck ilitumia takriban dola milioni 160 kuitangaza Vioxx kwa umma, fedha zaidi ya zilizotumika mwaka huo kutangaza Pepsi au bia ya Budweiser. Dorothy Hamill, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1976 wa kuteleza kwenye barafu, alionekana akiteleza tena. Mamilioni ya watu wenye magoti yanayouma walijiona ndani yake.

Novemba mwaka huohuo ukachapishwa utafiti uliogharimiwa na Merck yenyewe, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000 wa baridi yabisi. Tumbo lilinusurika kama ilivyoahidiwa. Ila mshtuko wa moyo uliwapata wachache waliotumia naproxen na kuwapata takriban mara nne zaidi waliotumia Vioxx. Kampuni ikaeleza kwamba pengine naproxen ndiyo inayoulinda moyo, wala si Vioxx inayoudhuru. Matangazo yakaendelea. Mwaka 2004 utafiti mwingine uliilinganisha Vioxx na kidonge kisicho na dawa ndani yake, hatari ikaonekana tena, na safari hii maelezo yale ya naproxen hayakuwa na pa kusimama. Septemba 30 mwaka huo Merck ikaiondoa sokoni duniani kote. Wamarekani wapatao milioni 20 walikuwa wamekwisha kuitumia. Novemba, David Graham, mtaalamu wa usalama wa dawa ndani ya FDA, aliiambia kamati ya Seneti kwamba kwa makadirio yake Wamarekani kati ya 88,000 na 139,000 walipata madhara makubwa ya moyo kwa sababu ya dawa hiyo. Merck haikuyakubali makadirio hayo. Mwaka 2007 ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza maelfu ya kesi bila kukiri kosa.

Haki inadai niseme pia kwamba Vioxx iliuzwa Ulaya, ambako matangazo ya dawa za cheti kwa umma yamepigwa marufuku, na huko nako iliwafikia wagonjwa wengi kupitia kalamu za madaktari. Sumu haikutoka kwenye tangazo. Tangazo lilichofanya ni kuongeza kasi na idadi. Na hapa kuna jambo la ndani ya biashara ya dawa ambalo kila msomaji anapaswa kulielewa. Dawa mpya husajiliwa baada ya kujaribiwa kwa watu mia kadhaa au elfu chache. Dhara linalompata mmoja kati ya maelfu, au linalokuja baada ya mwaka na nusu wa matumizi, linaweza lisionekane hadi dawa iwe imetumiwa na watu wengi kwa muda mrefu. Wakati huohuo saa ya hataza inakimbia, na kampuni ina miaka michache ya kuuza peke yake kabla wengine hawajaruhusiwa kutengeneza dawa hiyo kwa bei ya chini. Kwa hiyo fedha za matangazo humwagwa katika miaka ile ya mwanzo, ambayo ndiyo miaka tunayoijua dawa kwa uchache zaidi. Watu wengi husukumwa kuelekea dawa katika saa ambayo ilifaa wachache waende nayo taratibu.

Mwaka 2006 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilishauri matangazo kwa umma yazuiwe katika miaka miwili ya kwanza ya dawa mpya. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya usalama wa dawa, na zuio hilo halikuwamo. Kwa dawa mpya mimi niko upande wa katazo bila kusita. Hakuna faida ya elimu kwa umma inayoweza kulipia idadi kama ile.

Nguvu ya tangazo nayo isikuzwe kupita kiasi. Kanada inakataza, lakini televisheni za Marekani huvuka mpaka. Watafiti walitumia hali hiyo kulinganisha wakazi wa Quebec wanaotazama zaidi televisheni ya Kifaransa na wakazi wa majimbo ya Kiingereza, kwa dawa tatu zilizotangazwa sana Marekani: Enbrel, Nasonex na Zelnorm. Katika utafiti huo uliochapishwa mwaka 2008, mbili za kwanza hazikuonyesha tofauti yoyote. Zelnorm, dawa ya matatizo ya utumbo, iliongezeka kuandikwa kwa zaidi ya asilimia 40 upande wa Kiingereza, kisha ongezeko likafifia. Mwaka 2007 Zelnorm nayo iliondolewa sokoni Marekani kwa hofu ya madhara ya moyo. Matangazo mengine, basi, ni fedha zilizotupwa. Tatizo ni kwamba yanayofanikiwa hayachagui dawa nzuri.

Kuna hoja ya katiba, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini Marekani haiwezi kuyazima tu matangazo haya. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi kutoka Virginia, jimbo lililowakataza wafamasia kutangaza bei za dawa za cheti. Waliolalamika walikuwa watumiaji, wagonjwa wakiwamo, waliotaka kujua duka lipi ni nafuu. Mahakama iliwapa ushindi, ikasema kwamba maneno ya kibiashara nayo yana ulinzi wa uhuru wa kujieleza, na kwamba wanaoumia zaidi wanaponyimwa taarifa za bei ni maskini, wagonjwa na wazee. Ulinzi ambao kampuni za dawa zinauegemea leo ulizaliwa katika shauri la watu waliotaka kujua bei.

Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliagiza kila tangazo la televisheni la dawa inayogharimu dola 35 au zaidi kwa mwezi litaje bei yake. Merck, Eli Lilly na Amgen, pamoja na chama cha watangazaji, walikwenda mahakamani. Julai mwaka huo jaji akaifuta amri hiyo, akisema Bunge halikuipa wizara mamlaka hayo. Kampuni zilidai kwamba bei ya orodha humpotosha mgonjwa, kwa sababu mwenye bima halipi bei hiyo, na mtu anaweza kuikimbia tiba kwa kuogopa namba isiyomhusu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini Harvoni iligharimu dola 94,500 kwa wiki 12 kwa bei ya orodha, na kuna Wamarekani wasio na bima wanaotazama televisheni ileile. Tangazo linalotaja kila kitu isipokuwa bei haliwezi kujiita elimu kwa mgonjwa. Hapa watetezi wa uhuru wa taarifa wananipoteza kabisa.

Nguzo kuu ya utetezi wote huu ni daktari. Acheni tangazo liseme litakalo, wanasema, mwisho wa yote dawa haitoki bila sahihi ya mtu aliyesomea. Ingekuwa hoja ya kutosha kama daktari angekuwa hagusiki. Lakini kati ya dola bilioni 29.9 zilizotumika Marekani mwaka 2016 kutangaza dawa na huduma za afya, bilioni 20.3 zilielekezwa kwa wataalamu wa afya wenyewe: sampuli za bure, wawakilishi wa kampuni wanaopita kliniki kwa kliniki, malipo ya mihadhara na chakula. Tangazo la mgonjwa na tangazo la daktari hukutana katika chumba kimoja. Ukipiga marufuku la kwanza na kuliacha la pili, umefunga dirisha dogo.

Na chumba chenyewe kinapungua ukubwa. Januari 2024 Eli Lilly ilianzisha huduma ya mtandaoni inayomuunganisha mgonjwa na daktari wa mbali na kisha kumletea dawa nyumbani; Agosti mwaka huo Pfizer ikafuata. Februari 2025, katika fainali ya mpira wa Marekani inayotazamwa na zaidi ya watu milioni 100, kampuni ya Hims & Hers ilitangaza dawa za kupunguza uzito zinazochanganywa na famasi, na kwa kuwa dawa za namna hiyo haziko chini ya kanuni zilezile za matangazo, haikuorodhesha madhara kama watengenezaji wakubwa wanavyolazimika. Mtu anajaza fomu kwa simu, daktari asiyemfahamu anaisoma, kifurushi kinafika. Septemba 9, 2025, Rais Trump alisaini agizo la kubana matangazo ya dawa, na FDA ikatangaza kutuma maelfu ya barua za onyo na nia ya kuifuta ile nafasi iliyotolewa mwaka 1997. Juni mwaka huo maseneta Bernie Sanders na Angus King walikuwa wamewasilisha muswada wa kuyakataza kabisa. Ni nadra watu wa mirengo iliyoachana hivyo kuelekeza vidole mahali pamoja.

Kwetu Afrika Mashariki sheria iko upande wa Ulaya. Tanzania, chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, dawa za cheti hazitangazwi kwa umma. Kenya nako Bodi ya Famasi na Sumu inasimamia makatazo ya aina hiyo. Kwenye redio tunasikia dawa za maumivu ya kichwa na za mafua, basi. Wapo wanaosema tulegeze, kwa hoja ya haki ya kujua, na wapo wanaojibu kwamba tuige Ulaya tu yaishe. Pande zote mbili zinasahau kitu kimoja kuhusu mitaa yetu.

Katika mfumo wa Marekani tangazo humsukuma mtu kwa daktari. Kwetu lingemsukuma dukani. Kila anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza anajua kwamba antibayotiki hununuliwa bila cheti, mara nyingine nusu dozi kwa kuwa fedha haitoshi, na kwamba muuzaji asiyekuuzia anajua utavuka barabara uende kwa jirani yake. Mtu akilisikia jina la antibayotiki mpya kwenye redio asubuhi, mchana ataitaja kwenye dirisha la duka, na hakuna wa kumwambia hapana. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa tunao tayari. Manufaa yote niliyoyahesabu hapo juu, ya homa ya ini na ya wanaume walioshinda aibu, yalipatikana kwa sababu tangazo liliishia kwa mtu mwenye stethoskopu na maabara. Ondoa mtu huyo, na hoja ya Marekani haina miguu hapa. Kwa sababu hiyo katazo letu lina sababu nzito kuliko la Ulaya, na silitamani lilegezwe hata kidogo.

Lakini katazo hilo limeacha ukimya, na tumekwisha kuona ukimya unamfanya nini mgonjwa wa sonona. Ukimya huo umejazwa. Nguzo za umeme zina mabango ya dawa za nguvu za kiume yenye namba ya simu tu. Kwenye simu zetu wanauza sindano na vidonge vya kupunguza mwili, wengine bila hata kutaja kilichomo ndani. Yule mwanaume ambaye kule alimsikia Dole akaenda kupimwa, huku anapiga namba ya kwenye nguzo usiku, na presha yake haigunduliwi na mtu. Na anayepata dawa halali akifungua boksi anakuta karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo mno, mara nyingi kwa Kiingereza. Mama aliyesoma hadi darasa la saba anapewa dawa ya presha ya kumeza maisha yake yote, na maelezo yake hawezi kuyasoma.

Kinachohitajika ni kile walichosema wamekitazama wa kundi la pili katika utafiti ule: kipindi kuhusu ugonjwa, bila jina la kidonge. Kampuni zikiachiwa kukigharimia moja kwa moja sitaki, kwa sababu zimejifunza pia kuuza ugonjwa ili dawa ijiuze yenyewe nyuma yake. Uzee wa kawaida wa wanaume umewahi kugeuzwa kuwa upungufu wa homoni wa kutibiwa kwa kampeni za namna hiyo. Njia nyingine ipo. Kampuni inayotaka kuuza dawa Tanzania hulipa ada ya kuisajili, kisha ada ya kuibakiza kwenye daftari la dawa zilizosajiliwa. Sehemu ndogo ikiongezwa juu ya ada hizo, ikatengwa kwa vipindi vya redio vinavyoandaliwa na madaktari na wafamasia wasiolipwa na kampuni yoyote, mada zikichaguliwa na Wizara ya Afya kwa kufuata magonjwa yanayoua watu wetu, fedha za kampuni zingefanya kazi ya tangazo bila kubeba jina. Presha, kisukari, sonona, homa ya ini, saratani ya mlango wa kizazi, dalili zake, kipimo kinapatikana wapi, kinagharimu shilingi ngapi. Na usajili wa dawa usikamilike mpaka karatasi ya ndani ya boksi iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, unaotaja dalili ambazo ukiziona uache kumeza na urudi hospitali siku hiyohiyo.